Mstari Uliokataa Kulala

Jumatatu, 3 Machi

Mdaku ameamka vibaya tena.

Ndiyo, nimeipa mashine jina, na simwombi mtu radhi. Ukikaa na kitu kutwa nzima lazima ukiite. Namwita Mdaku kwa sababu ndiyo kazi yake: kila kinachomgusa anakitangaza.

Ngoja nijieleze kwa maneno mepesi, kama nitakavyolieleza jopo la chuo litakaloipima kazi yangu. Labda nitaona ninapokosea. Wengine wakitaka kuona protini ndani ya damu, kwanza wanaifungia kitu kinachowaka, kama mtu aliyefungwa kurunzi mgongoni, ndipo wanaitafuta. Mdaku hataki kurunzi. Ana kioo chenye utando wa dhahabu mwembamba mno, na mwanga unakipiga kutoka chini. Juu ya dhahabu nimepanda kingamwili, mitego yangu midogo, inayonasa protini moja tu. Protini ikinasa, mwanga unarudi kwa pembe tofauti kidogo na mstari kwenye kompyuta unapanda. Isiponasa, mstari unalala. Basi. Hata mama ameelewa.

Ninayoitafuta ni protini ya ini. Mtoto tumboni anayo tele. Mtu mzima mwenye afya karibu hana. Ikirudi kwa wingi, ini lina jambo. Mara nyingi ni uvimbe, na mara nyingi mwenyewe hajahisi chochote. Baba hakuhisi. Alipokuja kuhisi, tumbo lilikuwa limeshajaa na madaktari wanaongea kwa kunong'ona. Ndiyo sababu nimo katika chumba hiki chenye harufu ya spiriti na si mahali pengine.

Sasa shida. Leo nimepitisha damu ya mtu mzima, mzima kabisa, buheri wa afya — na mstari ukapanda. Unatakiwa kulala! Jopo ni Alhamisi ya tarehe 20. Mashine inayoona ugonjwa kwa mtu asiye nao haitamsaidia yeyote. Itawaua watu kwa hofu.

Jumanne, 4 Machi

Nimesafisha mirija yote. Nimebadilisha maji ya chumvi. Nimefukuza viputo — kiputo kimoja tu cha hewa na Mdaku anapiga mayowe kana kwamba amekanyagwa kidole. Jirani yangu wa meza, yule anayechunguza sumu ya ukungu kwenye nafaka, akafungua mlango bila hodi. Joto likabadilika, mstari ukaruka. Nikamfokea. Akasema haya, kuanzia leo atakuwa anapumulia nje.

Mstari bado unapanda.

Jumatano, 5 Machi

Bado.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka amekuja kutoa damu, kama kila Alhamisi. Amekuja na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, na buti zake zimeacha nyayo kutoka getini hadi kwenye kiti. Kazini wanamwita Nondo. Ndizo anazozifunga, na ndivyo alivyo mwenyewe.

Nilipoanza walijitolea watatu. Profesa anayenisimamia alitaka damu za wote watatu zichanganywe, ziwe damu moja ya kulinganishia. Mmoja akahama. Wa pili akiiona sindano anaanguka kama gunia. Akabaki kaka, nikasema mmoja anatosha kwa sasa, tutaongeza baadaye. Sheria hairuhusu niweke ya kwangu, eti nitajipendelea.

Kaka akakunja shati, akauliza kama Mdaku amekunywa dawa. Nikamwambia nimechoka naye, ni mwongo, ni mzushi, anaona visivyokuwepo. Akainama kwenye kioo akaongea nacho: "Shemeji, mwonee huruma Dokta. Bado hajaolewa, atazeeka hapahapa." Jirani wa meza akacheka hadi akapaliwa na karanga alizokatazwa kula humu ndani.

Nikapitisha damu mbichi, ya dakika ileile. Ikapanda. Juu kuliko ya wiki iliyopita! Nilitamani kuing'oa plagi ukutani.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja nyumbani, kaka na wifi. Mkutano wa hadhara juu ya mashine yangu. Wifi anasema aliyeitengeneza ananidai mahari. Mama anasema niiombee. Kaka anasema apewe nyundo tu.

Nilicheka nao. Halafu nikaingia chumbani kutafuta kitambaa cha meza, nikajikuta nimekaa kitandani, kitambaa nimekisahau. Miaka yote hii. Nikishindwa mbele ya jopo, chumba kinapewa mwingine, Mdaku anafungwa kwenye boksi, na kina baba wengine wataendelea kugundulika tumbo likiwa limeshajaa. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Kaka kapata kazi kwenye daraja, mbali, mwaka mzima. Lori linawachukua Jumatano ya tarehe 19. Huko ukitaka mtandao wa simu unapanda kilima. Wifi ananuna na kufurahi kwa zamu. Mama alimpakulia kaka mara ya pili, akakataa, akasema ameshiba. Mama akauliza tangu lini. Akasema anapunguza kitambi ili lori limbebe.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefanya jambo la akili, nadhani. Nimepitisha damu ileile ya kaka juu ya kioo kisicho na kingamwili. Dhahabu tupu, imefunikwa kwa dawa isiyonasa kitu.

Umelala! Mstari umelala kama mtoto aliyeshiba!

Nikarudisha kioo chenye kingamwili. Ukapanda.

Kwa hiyo si viputo, si joto, si uchafu. Kuna kitu kinanaswa na mitego yenyewe. Profesa amekuja, akasimama mikono nyuma, akautazama mstari kwa muda mrefu. Nikamwambia jibu liko wazi: kingamwili zimeharibika, zinanasa kila mpita njia. Akasema inawezekana. Nimeazima nyingine, za toleo tofauti, kwa rafiki yake wa chuo cha pili. Jumatano zitakuwa hapa. Nimepiga moyo konde. Nimekula vizuri leo kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Kingamwili mpya. Damu ya kaka. Ukapanda.

Sina tena cha kubadilisha. Nimebadilisha mirija, maji, kioo, taa, pampu, kingamwili. Kilichobaki kubadilishwa ni mimi.

Profesa ameongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniua. Amesema hakuna aibu kujiondoa, jopo litakaa tena mwakani. Amesema niandike barua mwenyewe, itapendeza zaidi. Nikasema ndiyo Profesa, asante Profesa. Nikaenda stoo, nikajifungia na maboksi ya glavu, nikalia kwa sauti niliyoiziba kwa kiganja. Jirani wa meza aligonga. Nikasema natafuta glavu. Akasema, "Saizi gani hiyo inayotafutwa kwa kilio?"

Sijaandika barua. Kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka hakuja. Amepiga simu, yuko kwenye maandalizi ya safari, anatafuta godoro la kubeba. Ameniambia nimsamehe, na nimsalimie yule mwongo.

Barua nimeianza mara kadhaa. Naishia kwenye "Napenda". Sipendi.

Ijumaa, 14 Machi

IMEFANYA KAZI!

Naandika nimesimama. Siwezi kukaa. Ngoja.

Damu mbichi iliisha, maana kaka hakuja. Nilitaka jaribio moja la mwisho kabla ya kuituma ile barua. Jirani wa meza akasema chukua yangu, mimi nina nyingi, mbu wa mtaani kwetu ni mashahidi. Akatia saini, akakunja shati, akageuza uso asiione sindano. Nikaizungusha kwa mashine, nikatenga majimaji yake, nikayapitisha.

Mstari ukalala. Nilifikiri pampu imezimika. Nikaangalia pampu, inasukuma. Nikarudia. Ukalala. Nikachukua damu yake hiyohiyo, nikaitia protini ya chupani kidogo tu, kipimo ninachokijua — ukapanda, kwa kiasi kilekile hasa kinachotakiwa! Nikatia maradufu, ukapanda maradufu! Nikapiga yowe. Nikamkumbatia jirani wa meza na sindano bado mkononi, akasema taratibu, utanitoboa nife na sayansi isonge mbele.

Mdaku si mwongo. Anaona. Anaona sawasawa! Baba, ungekuwepo leo!

Nikampigia Profesa hapohapo. Nikaongea kama redio. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, umebadilisha nini?

Nikasema damu tu.

Akauliza taratibu sana, ile nyingine ilikuwa ya nani?

Ijumaa, bado

Nimekaa sasa. Nimekaa sakafuni.

Nilibadilisha kila kitu. Kila kitu isipokuwa damu. Haikunipitia akilini hata mara moja kubadilisha damu, kwa kuwa damu ilikuwa ya kaka, na kaka ni Nondo, na Nondo haugui. Nilimfanya yeye kuwa sifuri. Nilichukua mwili wa kaka yangu nikauita "mtu mwenye afya", na kila siku mashine ikinikatalia, naifokea mashine.

Kioo kisicho na mitego kililala. Jumatatu kilinionyesha. Nilikuwa nasoma kwa macho haya haya!

Jumamosi, 15 Machi

Maabara tupu, siku ya mapumziko. Nimevunja sheria, nimejichoma mwenyewe. Ya kwangu imelala. Nimemwomba mlinzi wa getini. Amekubali, akaniuliza kama ni ya uchawi. Ya kwake imelala. Ya jirani wa meza imelala.

Kwenye friza kuna mabaki ya damu ya kaka ya tangu Januari. Kila wiki nilikuwa naweka akiba, mwanafunzi mwema mimi. Nimeyayeyusha, nimeyapitisha kwa mpangilio. La kwanza lilipanda kidogo. La pili likalipita. La tatu likalipita la pili. Ngazi. Na mimi nilikuwa nasema Mdaku anazeeka, kila wiki anazidi kuchanganyikiwa.

Kuanzia Januari! Ningemwambia Januari!

Mungu wangu, sikuwahi kukuomba hivi, na najua inachekesha: ifanye mashine yangu iwe mbovu. Iharibu. Iwe takataka. Nitajiondoa kwenye jopo, nitasafisha vyoo vya maabara, sitalalamika. Iwe imekosea kwa huyu mmoja.

Profesa amekuja akiwa na nguo za nyumbani. Ameangalia ile ngazi. Amesema inaweza kuwa ini limevimba tu, homa ya ini, inatibika. Inaweza. Amesema pia mashine haijathibitishwa, siwezi kumpa mtu ugonjwa kwa kifaa ambacho juzi nilitaka kukitupa. Nimpeleke hospitali apimwe kwa vipimo vyao, nisimtamkie jina la ugonjwa wowote. Nikamuuliza, na kama ni uvimbe, ni mapema? Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Amesema mapema kuliko baba yako.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia.

Nilijipanga njia nzima. Nikamkuta uani kwake anafunga zana kwenye gunia, wifi anakunja nguo zake za safari. Nikasema kaka, kabla hujaondoka twende hospitali, upime ini. Akauliza nani amesema ana ini bovu. Nikasema mashine.

Akacheka. Alicheka kwa kweli, akaweka koleo chini ili acheke vizuri. "Ile mbovu? Ile niliyotaka kuipiga nyundo?"

Nikasema haikuwa mbovu, mimi ndiye niliyekosea.

"Dokta, sikiliza. Wiki nzima unatwambia inaona visivyokuwepo. Leo imeona kwangu, imepona?"

Nikajaribu. Nikaeleza damu ya jirani, ya mlinzi, ya kwangu. Maneno yalinitoka yamegongana. Hata mimi ningejisikiliza nisingejiamini. Akanishika bega, akaniambia nimechoka, nilale, jopo limenipanda kichwani. Mikono yake ina nguvu zake zote! Ilinishika, nikahisi nguvu, nikasema moyoni labda — labda kweli nimechoka.

Wifi ndiye aliyegeuka. Hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, mtu anasafiri na wewe unamtabiria maradhi? Ungekuwa wewe ungependa?" Akaingiza nguo ndani. Huyu ndiye anayenitania kila siku.

Nimerudi nyumbani. Mama kauliza kwa nini macho mekundu. Nikasema vumbi.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi hapokei simu. Kaka anapokea, lakini nikisema hospitali tu, anaiga sauti ya mtandao mbaya.

Siwezi kumwambia mama. Ameshamzika baba.

Keshokutwa lori. Mwaka mzima. Mwaka! Ile ngazi kwa mwaka mzima. Sitaki kuifikiria mpaka juu, naifikiria mpaka juu.

Jopo ni Alhamisi na matokeo yangu ni mazuri kuliko ya mtu yeyote. Profesa anasema nitapita bila kusukumwa. Nayachukia matokeo. Nayatazama, yamenyooka, mazuri, na kila uzuri wake ni kaka.

Jumanne, 18 Machi

Amekuja mwenyewe maabara. Sikumwita.

Kumbe wifi hakulala. Alimwambia mumewe kwamba tangu mwezi uliopita anamwona anaamka kitandani anashikilia ubavu wa kulia, na akiulizwa anasema ni nondo tu, amebeba vibaya. Alikuwa amekasirika na mimi, kumbe hasira ilikuwa ya kuogopa. Akamwambia kama mashine ni mbovu, nenda ukaidhihirishe ubovu wake, urudi tule kwa amani.

Basi akaja kuidhihirisha. Akasimama mlangoni, hakufanya mzaha wowote na kioo.

Akasema, "Usinieleze. Nionyeshe. Na usinichezee shere, mimi ndiye nitakayepanga."

Nikachukua damu yake na yangu, na jirani wa meza akajitolea tena. Nikazitenga kwenye vichupa vitatu vinavyofanana. Kaka akaniambia nigeuke ukutani. Akamwambia jirani naye ageuke. Nikasimama nimekabiliana na kalenda, nikasikia vichupa vinagongana, anavichanganya, anavichanganya tena. Alikuwa ameweka alama yake mwenyewe chini ya kila kichupa kwa penseli ya ujenzi, kisha akazifunika kwa plasta. Akasema geuka, pima.

Hiyo ndiyo njia sahihi hasa ya kupima, asiyejua akipima asichokijua. Ningetakiwa kuifanya Januari. Aliifikiria mwenyewe kwa sababu hakuniamini.

Kichupa cha kwanza kikalala. Tulikuwa watu watatu mbele ya kompyuta na hakuna aliyepumua.

Cha pili kikapanda.

Kikapanda pale pale, polepole, bila haraka, kama kawaida yake. Niliomba kiwe changu. Naandika hapa kwa vile hakuna atakayesoma: nilimwomba Mungu kiwe changu au cha jirani wa meza, na jirani ana watoto wadogo, na niliomba hivyohivyo.

Cha tatu kikalala.

Kaka akakichukua cha pili. Akabandua plasta kwa ukucha, akatazama chini yake. Akakirudisha mezani taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Jirani wa meza akasema anakwenda kuosha mikono, akatoka.

"Kwa hiyo hii si mbovu," kaka akasema.

Nikasema hapana.

"Na wewe hujachoka."

Nikasema nimechoka, lakini si hivyo. Nikamwambia inaweza kuwa homa ya ini tu, inatibika, na hata ikiwa jambo jingine, Mdaku ameliona mapema. Nikamwambia baba hakuwa na wa kumwonea mapema. Nilivyotamka baba, uso wake ukabadilika. Sikuwahi kuuona uso huo kwa kaka yangu mkubwa. Alikuwa anaogopa. Mtu anayetembea juu ya boriti bila kamba!

Akauliza lori litaondoka bila yeye? Nikasema liondoke. Akasema msimamizi atampa mwingine nafasi. Nikasema ampe. Akakaa kwenye kile kiti chake cha Alhamisi, akakunja shati lake taratibu kama vile bado kuna damu ya kutoa, akalikunjua. Halafu akasema kesho asubuhi, lakini mama asijue, na wifi yako ndiye atakayenishika mkono, wewe utatembea nyuma.

Nikasema nitatembea nyuma.

Jumatano, 19 Machi

Hospitali. Benchi la ubao, korido ya rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno, nyeupe juu. Naandikia mapajani. Wifi yuko kando yangu. Hatujaombana msamaha, ila ameniegemea bega.

Daktari ni kijana, mstaarabu. Aliuliza nini kimemleta, maumivu gani, tangu lini. Kaka akasema hana maumivu, ameletwa na dada yake. Wifi akamkanyaga mguu. Ndipo akasema ubavuni, kidogo, usiku. Daktari akamlaza, akambonyeza. Akauliza kwa nini tumefikiria ini moja kwa moja. Nikafungua mdomo nieleze mwanga na dhahabu, nikaona anavyonitazama, nikasema tu kuna kipimo cha majaribio chuoni. Akaandika damu itolewe, majibu ya ile protini yatachukua siku kadhaa. Akasema kwa kuwa mpo, apigwe na picha ya tumbo leoleo.

Yumo ndani sasa. Mlango ni wa mbao nyepesi, tunasikia kila kitu.

Alianza vizuri. Mpimaji ni mama mmoja mwenye sauti nene. Kaka alimuuliza kama hayo mafuta ya baridi anayompaka tumboni yanatoa kitambi. Mama akacheka. Akamuuliza kama ni mtoto wa kike au wa kiume. Mama akacheka zaidi, akasema vuta pumzi, shikilia, achia. Wifi naye akacheka, akanifinya, akasema mwone huyu, hata humo ndani. Nikacheka pia. Nikasema moyoni ni homa ya ini tu. Nitamletea dawa kwa mikono yangu, kila siku, hata huko darajani, nitapanda na hicho kilima.

Profesa amepiga. Anakumbusha kesho, saa tatu, nivae vizuri. Nimekata simu bila kujibu.

Vuta pumzi. Shikilia. Achia.

Lala ubavu wa kushoto. Vuta pumzi. Shikilia.

Mama mpimaji hacheki tena. Anasema vuta, shikilia, achia, na sauti yake imekuwa ya kazi tu. Ni upande uleule. Anarudia upande uleule. Kaka amemwambia neno, sikulisikia vizuri, nadhani ni mzaha, na mama akasema tu vuta.

Ameingia mwanamume wa koti jeupe bila kututazama. Wanaongea chini chini. Nimesikia "hapo". Nimesikia "pima tena, kwa upana". Wifi ameniachia bega, ameketi wima, mkoba wake kifuani.

Sasa ni yule mwanamume anayesema vuta pumzi.

Shikilia.

Anakawia kusema achia. Kaka, achia mwenyewe. Pumua!

Mlango umefunguka kidogo. Mama mpimaji amechungulia, anauliza nani kaja na huyu kijana, mkewe yupo? Wifi ameinuka. Nimebaki nimekaa, kwa kuwa mimi leo natembea nyuma, na hakuniita mimi.

Sauti ya kaka inatoka ndani, haina mzaha, ni ndogo: "Na mdogo wangu pia aingie. Yeye ndiye aliyeliona hili kwanza."

Naingia.